Gundi ya Chupa ya Verni

Hippolyte alikuwa hawezi kukaa. Kitu ambacho watu wengine wanakifanya bila kufikiri, kuvuta kiti, kukaa, kunyoosha miguu, kwake kilikuwa kimegeuka kazi nzito kuliko kupandisha lori kwenye matope. Akikaa tu, mguu wa kushoto unaanza kutikisika, unatafuta ambreyaji, ile klachi ya lori, mahali ambapo haipo. Halafu huyo, ameshainuka. Anazunguka nyumba: jikoni, choo, ukuta wa jirani, mbele ya mlango, jikoni tena. Alikuwa ameshachonga njia kuzunguka nyumba yao ya mtaa wa Saio, na majani hayakuota tena pale.

"Mama Estelle," jirani yao Agathe alimwambia Adeline, mke wa Hippolyte, juu ya ukuta, "bwana yako anatafuta nini? Kama iko kitu alipoteza, atuambie, tumusaidie kutafuta."

"Anatafuta usingizi," Adeline akajibu, akaingia zake ndani.

Hakutaka kuendelea na maneno hayo. Agathe alijua vizuri sana kilichompata Hippolyte. Saio nzima ilijua.

Alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Niania, na konvoyeri wake aliitwa Osée, mtu mzima mwenye ndevu na watoto wake, mzaliwa wa Djugu. Konvoyeri ndiye anayekaa juu ya mizigo. Lori likisimama mlimani, anaruka chini na kale yake, lile gogo la mti mgumu, analiweka nyuma ya tairi ili gari lisirudi nyuma. Akishaliweka anapiga kelele: "Kale iko!" Hapo ndipo dereva anatoa mguu kwenye breki. Siku ile, mbele ya Mambasa, lori lilikwama kwenye mlima wa matope. Osée akaruka, akaweka kale, akapiga kelele yake, na risasi zikatoka msituni. Hippolyte alimpandisha kwenye kabini, akarudi naye mpaka Mambasa, akimsemesha njia nzima. Kule wakamwambia kwamba huyu mtu ameshakufa zamani. Hakuna aliyemlaumu, hata mjane wa Osée hakumlaumu, lakini toka siku hiyo Hippolyte hakukaa tena.

Na sasa patron wake, mwenye lori, amenunua lori lingine. Patron Ézéchiel, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka kubwa hapa Bunia, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mizigo, na alisema barabara ile hakuna anayeijua kama Hippolyte. Lori lingeondoka siku ya Jumatatu. Hippolyte alimjibu "Nitaona, patron," na dereva akisema nitaona, mkewe anaanza kufua mashati ya safari.

Adeline hakufua. Hakutaka aende, basi. Hakutaka kwa moyo wote, kwa tumbo, kwa meno. Utaniuliza, kwa nini asimwambie tu? Aka! Huwajui wake za madereva wa njia ile. Kwao neno "usiende" ni mkosi. Mama mkwe alimfundisha wiki ileile ya ndoa: mwanamke akimwambia dereva usiende, na dereva akaenda, kikimpata kitu, basi ni ulimi wa mwanamke uliokiita. Adeline alikuwa amelitafuna neno hilo na kulimeza maisha yake yote ya ndoa. Hata safari ile ya Osée, moyo ukimdunda, alisema tu: "Mufike salama."

Kwa hiyo akatafuta njia ya pembeni, na njia hiyo akaikuta sokoni, kwenye meza ya vitu vya mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Kati ya sufuria na viatu kulikuwa na sanduku la karatasi ngumu, na juu yake picha ya lori lenye pua ndefu. Ndani, lori lenyewe: la plastiki, vipande vidogovidogo vimeshikana kwenye fremu zake, kila kimoja kinangoja kukatwa na kubandikwa. Adeline akalitazama muda mrefu. Akawaza, huyu mtu amekuwa akitengeneza magari barabarani toka ujana, akipewa gari la kutengeneza mezani, si atakaa?

Akakaa! Yesu wangu, akakaa kweli. Mwanzoni alicheka, akasema yeye si mtoto, halafu akavuta kiti ili aone tu hiyo injini wameifanyaje. Akakata kipande kimoja kwa wembe, akakigeuza kwenye mwanga, akakata kingine. Mguu wa kushoto ukatulia. Adeline alisimama mlangoni na sahani mkononi, akaogopa hata kuiweka chini.

Shida ilikuwa gundi. Tyubu iliyokuwa ndani ya sanduku ilikuwa imekauka, imekuwa jiwe. Hippolyte akatuma wamletee kole ya dakika, ile gundi ya viatu, akabandika kabini. Vioo vya plastiki vikawa vyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho, mlango ukashika upande, na kidole chake kikashikana na paa. Alipokivuta, ngozi ikabaki. Akasema neno ambalo siwezi kulirudia hapa, akasukuma kiti, na huyo, amerudi kwenye njia yake. Jikoni, choo, ukuta wa jirani.

Adeline akaona Jumatatu inamjia mbio.

Alikuwa na saluni ndogo ya nywele na kucha karibu na soko, yeye na msaidizi wake Glodie, msichana wa ulimi mwepesi na mikono mizuri. Kesho yake Adeline hakufanya kazi ya maana. Alimpaka mteja verni nyekundu kwenye kucha moja mara mbili, nyingine akaisahau. Mawazo yalikuwa kwenye gundi. Halafu, akifuta kosa lake kwa disolvan, ile asetoni ya kuondolea verni, aliona tone limeangukia kifuniko cha plastiki na kukifanya kinate. Akakigusa kwa kidole. Kidole kikaacha alama.

"Glodie, lete kile kikopo cha yaurti."

"Ya kufanya nini, yaya?" Alimwita hivyo, yaani dada mkubwa.

"Lete tu."

Akamwaga asetoni kwenye kile kikopo cha plastiki cha maziwa ya mgando, akatia vipande vya fremu alivyobeba kwenye mkoba. Mteja akalalamika, Adeline akageuka kumwomba msamaha, na alipotazama tena kikopo kilikuwa kimelegea, kimekaa chini kama mlevi, na dawa inatembea mezani ikila kitambaa. Glodie akapiga yowe juu ya kitambaa chake. Adeline akacheka mpaka mteja akavuta mkono.

"Inakula!" akasema. "Glodie, inakula! Kama inakula kikopo, itakula na lori."

Hakungoja jioni. Alikwenda kwa Fabien, fundi wa kupaka magari rangi mwenye karakana nyuma ya soko, mtu anayeziba nyufa za bampa kila siku. Fabien alimsikiliza akikwangua mlango wa gari, hakusimamisha kazi.

"Asetoni peke yake inakimbia, mama. Inakauka mbele haijafanya kazi. Changanya na diluan ya rangi, kidogo. Na utie plastiki ya kile kitu chenyewe, ndiyo itaziba mahali iko wazi. Chupa iwe ya kioo, umesikia? Na usiiweke karibu na moto, itakuchoma na nyumba." Akammiminia kifuniko kimoja cha diluan, ile dawa ya kulainisha rangi, bure. "Lakini ujue, hii si kole. Kole inashikilia. Hii inayeyusha pande mbili, zinakuwa kitu kimoja. Ukikosea, hautaibandua tena."

Chupa ya kioo? Saluni ilikuwa imejaa chupa za kioo. Adeline akachagua ya verni iliyokwisha, akaiosha mpaka ikang'aa, burashi yake ndogo ikiwa bado kwenye kifuniko. Akakata fremu kwa kikata kucha, vipande vidogo kama punje za mchele, akavitia, akamwaga asetoni, akaongeza diluan ya Fabien, akafunga, akatikisa. Siku nzima alikuwa akiitikisa. Wateja waliingia na kuuliza ni verni gani hiyo mpya isiyo na rangi. Kesho yake punje hazikuonekana tena. Ilikuwa uji mwepesi, unaovuta kidogo kwenye burashi, wenye harufu ya kupasua kichwa.

Alipeleka chupa nyumbani mbio, kama amebeba dawa ya mgonjwa. Hippolyte alikuwa upande wa choo. "Papa Estelle, kuya uone kole yako," akamwita, na yule mtu akakuja, akanusa, akapiga chafya, akakaa.

Sasa sikiliza alivyofanya. Huyu ni mtu aliyeziba matundu ya tairi maisha yake yote, pembeni ya barabara, kwenye jua na mvua. Kiraka cha tairi kina adabu zake: unakwangua, unapaka solisyo pande mbili, unaacha ikauke, unapuliza, unagusa kwa mgongo wa kidole, na ikishakauka kabisa ndipo unagandamiza na kugonga. Mwenye haraka anapoteza kiraka. Basi Hippolyte akachukua tupa ya kucha ya mkewe, akakwangua. Akapaka pande mbili. Akaweka vipande chini, akapuliza, akangoja, akagusa kwa mgongo wa kidole. Akaridhika. Akagandamiza, akagonga polepole kwa mpini wa kisu.

Kipande kikaanguka.

Akarudia. Akangoja zaidi. Kikaanguka tena.

"Kole yako haina nguvu, Mama Estelle."

Adeline alikuwa ameshafungua mdomo. Yeye ndiye aliyekuwa akibandika kucha za plastiki kila siku ya Mungu. Alijua kwamba kitu kinachoyeyusha kinagandamizwa kikiwa kibichi, mara moja, na ukingoja kikauke umeharibu. Aliona kosa lote mbele yake. Angesema neno moja tu. Lakini akatazama chini ya meza, akaona mguu wa kushoto umelala kabisa, na jua limeshazunguka upande mwingine wa nyumba bila huyu mtu kuinuka.

"Labda inataka kukaa zaidi," akasema.

Na hivyo ndivyo ilivyokwenda. Kila siku alipaka, akangoja, akabandika, ikaanguka, akakwangua upya. Hakukasirika. Kungoja huko alikujua, kulikuwa kungoja kwa barabarani, na akiwa anangoja akaanza kuzungumza. Kwa mara ya kwanza akamtaja Osée. Alisema Osée alikuwa akiimba nyimbo za kanisa juu ya magunia, na hajui sauti hata kidogo. Alisema ile kale Osée aliichonga mwenyewe, akaitia alama, na hakumwazima konvoyeri yeyote. Alikuwa akisema na kupuliza plastiki, na machozi yanashuka bila yeye kuyafuta. Adeline alikaa pembeni akimenya maharagwe, akalia naye, na moyoni akaomba kile kipande kianguke tena.

Lakini raha hakuwa nayo. Usifikiri. Saluni alikuwa akitazama barabara zaidi ya kucha za watu. Akirudi nyumbani alikuwa akisimama nje kwanza, asikie kama kuna nyayo zinazunguka. Simu ya patron ilikuwa ikilia na Hippolyte alikuwa akijibu, "Niko na kazi nyumbani, patron, bado haijaisha," na kila mara Adeline alihisi ameiba kitu. Jumapili kanisani hakusikia mahubiri. Aliwaza tu kwamba kesho ni Jumatatu, na kwamba kama lori la mezani halitashika mpaka kesho, labda patron atachoka, atachukua dereva mwingine.

Baada ya misa Glodie akapita kurudisha ufunguo wa saluni. Akamkuta Hippolyte mezani, mlango wa lori mkononi, anapuliza.

"Papa Hippolyte, unangoja nini?"

"Ikauke."

"Ikauke?" Glodie akacheka. "Aka, papa! Hii haikaukaki kwanza. Siye tunabandikaka ikiwa mubichi, paka, gandamiza, basi. Yaya Adeline hakukuambia? Yeye ndiye alinifundisha mimi!"

Glodie akatazama huyu, akatazama yule, akaweka ufunguo mezani taratibu, akasema mama yake anamngoja, akaondoka.

"Ulijua?" Hippolyte akauliza.

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka siku ya kwanza."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alichukua burashi, akapaka mlango, akaugandamiza ukiwa mbichi, akashikilia kidogo, akaachia. Mlango ukashika. Akachukua kingine. Sasa mikono ile ya dereva ilikwenda haraka: chesi, injini, kabini, ubavu wa mizigo, kila kitu kikashika kana kwamba kilikuwa kimezaliwa pamoja. Adeline alisimama palepale, hakujua aweke mikono wapi. Lori lilikuwa likikua mbele ya macho yake na yeye alikuwa akiona Niania inakuja ndani ya nyumba.

Mwisho zikabaki tairi. Kwenye karatasi ya maelezo, pale kwenye tairi, walikuwa wamechora chupa ya gundi na kuikata kwa msalaba: hapa usipake, ili zizunguke. Hippolyte akaziingiza kavu. Akasukuma lori kwa kidole. Likakimbia juu ya meza, laini, bila kelele, mpaka ukingoni, akalidaka. Na chini ya meza mguu wa kushoto ukaanza tena.

Simu ikalia. Patron. Hippolyte akaitazama, hakuishika.

"Weye ulikuwa unaniwekea kale," akasema.

Adeline akafunga kitenge chake upya.

"Ulikuwa unaniwekea kale, Mama Estelle. Naona. Lakini konvoyeri akiweka kale anapiga kelele, ju dereva ajue. Dereva asipojua anabaki na mguu kwa breki, anachoka, anachoka mpaka kufa. Osée hakunyamaza hata siku moja. Hata siku ile alipiga kelele kwanza." Akalirudisha lori dogo katikati ya meza. "Weye uliweka, ukanyamaza."

"Ningesema nini?" Adeline akawaka. "Mama yako mwenyewe alinikataza! Alisema neno hilo linaua! Siku ya Osée nilinyamaza, hakuna aliyesema kitu, na Osée akakufa vilevile!"

Simu ikakata. Ikaanza kulia tena. Adeline akaiona ile simu inatambaa mezani kuelekea lile lori, na kitu alichokuwa amekimeza toka wiki ya ndoa kikapanda kooni, na safari hii hakukizuia. Akapiga kelele kwa kifua chote, kama mtu aliye juu ya magunia.

"Kale iko! Hippolyte, kale iko! Usiende! Unasikia? Sitaki uende Niania. Sitaki kesho, sitaki mwaka kesho. Usiende!"

Upande wa pili wa ukuta, Agathe aliyekuwa akitwanga akaacha kutwanga. Neno lilikuwa limetoka. Adeline akangoja kitu kianguke kutoka mbinguni. Hakikuanguka kitu, ila machozi yake mwenyewe.

Hippolyte akafungua chupa ya verni. Akachomoa tairi la kwanza, akachovya burashi mpaka ikalowa, akapaka ekseli, akapaka ndani ya tairi, akagandamiza likiwa bichi. Hakungoja. Akachukua la pili. Karatasi yenye msalaba ilikuwa mbele yake, hakuitazama. Alipomaliza yote alifunga chupa vizuri, maana dawa ile inakimbia, akafuta vidole, akapokea simu.

"Patron, utafute dereva mwingine. Hapana, siko mugonjwa. Gari yangu haitembei tena." Akasikiliza. "Gari gani? Ile iko hapa kwa meza."

Jumatatu asubuhi lori la patron Ézéchiel lilipita barabara kubwa, likapiga honi yake ndefu ya kuaga. Hippolyte alikuwa amekaa mezani. Mguu wa kushoto ukasogea mara moja. Akaweka kidole nyuma ya lori dogo, akasukuma. Lilikwaruza meza kidogo, tairi hazikugeuka.

"Imeshika," akasema, na Adeline akamletea chai.

Usidhani iliisha hapo. Mambo hayo hayaishi kwa asubuhi moja. Chai ilipokwisha aliinuka, akaanza tena: jikoni, choo, ukuta wa jirani. Adeline alikuwa akipepeta mchele mlangoni mwa jikoni. Akamwacha apite mara ya kwanza. Alipomwona anakuja tena, kichwa chini, hatua za haraka, hakujificha nyuma ya kitu chochote.

"Kale iko!" akampigia kelele.

Hippolyte akasimama. Akatazama ungo, akatazama sufuria, akauliza leo wanakula nini.